Mapacha wa Karani Eustace

Mimi kunyamaza sijui. Marehemu mama alijaribu kunifundisha akashindwa. Mume wangu naye akajaribu, mwisho akaenda zake machimbo ya Geita na kuoa hukohuko. Basi niacheni niseme habari ya soko letu ilivyokuwa, maana siku hizi inasimuliwa na watu ambao siku ile hata hawakuwapo.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Mji wetu ni mdogo, nusu siku kwa lori kutoka Kahama, na wachimbaji waliokuwa wakienda Geita walipita hapo kununua chakula. Mimi niliuza mchele, chini, juu ya gunia, jua langu na mvua yangu. Masika ya mwaka ule mvua ilinikuta na magunia mawili wazi. Mchele ukalowa, ukaota ukungu, na mimi na mwanangu Kulwa tukala uji wa mtama mpaka mavuno. Kwa hiyo kamati ya mji iliposema litajengwa soko la bati lenye vizimba ishirini, na kwamba mchuuzi atakayebeba mawe ya msingi atapata kizimba, nilibeba mawe. Siku kumi na tatu nilibeba, kichwani, hadi shingo ikakataa kugeuka.

Soko likaisha, likapakwa chokaa, likatiwa kufuli. Wiki ya tatu nikaenda ofisini kwa karani wa kamati, Bwana Eustace. Alikuwa mtu wa kuja, miaka mitatu kwetu, na sijapata kumwona msibani wala arusini. Soksi zake zilikuwa safi sana.

"Orodha ya wenye vizimba ipo?" nikamuuliza.

"Ipo."

"Jina langu limo?"

"Orodha ni siri ya ofisi, mama. Siku ya ufunguzi mwenye jina ataitwa ndani, atapewa ufunguo."

"Na asiye na jina?"

Akachovya kalamu kwenye wino wala hakuniangalia. "Kuna nafasi kule kando ya josho."

Josho la ng'ombe, mnanielewa? Mchele wangu kando ya dawa ya kupe na mavi. Nilitoka pale nikiwa siwaoni hata walionisalimia njiani, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Kamrudin. Huyu alikuwa mjumbe wa kamati, amezaliwa hapahapa mjini, na Kisukuma alikisema kutushinda baadhi yetu.

"Shikamoo, Mzee Kamrudin."

"Marahaba, Mama Kulwa. Leo umekuja na moto."

"Ile orodha ya soko, uliiona?"

"Niliitia sahihi."

"Nimeuliza kama uliiona."

Akashughulika na mizani ambayo haikuwa na kitu. Mwisho akasema karani alimletea karatasi saa ya kufunga duka, akamwambia yote yako sawa, naye akatia sahihi.

"Mzee wangu," nikamwambia, "ukija kununua mchele kwangu unazamisha mkono mpaka chini ya gunia. Unanusa, unatafuna punje, unanisumbua mpaka nachoka. Karatasi ya mji mzima hukuitupia hata jicho?"

Alikasirika, akaniambia nimwondokee dukani kwake. Nikaondoka. Lakini masikio yalikuwa yamemwiva, nikajua neno limeingia.

Siku ya ufunguzi Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, alikuja kutoka Kahama na gari lake, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, ila kilieleweka. Watu walijaa. Eustace alisimama mlangoni, funguo ishirini zikining'inia kwenye kamba, akatangaza kwamba wenye vizimba wataitwa ofisini mmoja mmoja. Nikaona nisiposema sasa nitasema na ng'ombe. Nikapita mbele.

"Bwana Shauri, naomba orodha isomwe hapahapa, sote tusikie."

"Mama huyu ni mgomvi, Bwana," Eustace akasema.

"Ni kweli, ni mgomvi," nikasema. "Na isomwe."

Watu wakacheka. Bwana Shauri akatazama saa yake, nami nikaona ananipotea. Hapo Mzee Kamrudin akanyanyuka kwenye kiti cha wajumbe.

"Mimi ni mjumbe," akasema. "Niliitia sahihi bila kuisoma. Nilifanya vibaya. Hata mimi nataka kuisikia."

Mtu mzima, mwenye duka, kujivua nguo namna ile mbele ya wateja wake si mchezo. Tangu siku hiyo namheshimu. Bwana Shauri akaacha saa yake, akamwamuru karani asome.

Eustace akasoma, tena kwa maringo. Makoye mchoma nyama, kizimba namba moja. Mwanaima wa samaki, namba mbili. Akaenda hivyo hadi kumi na mbili, wote watu tunaowajua, tukawapigia makofi. Jina langu bado. Kisha akaendelea: "Kulwa Maduhu. Doto Maduhu. Kulwa Mageni. Doto Mageni. Kulwa Sikujua. Doto Sikujua. Kulwa Ngasa. Doto Ngasa." Akakunja karatasi.

Hakupiga mtu makofi.

Kwetu Usukuma, wakizaliwa mapacha, wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Na jambo hilo halipiti kimya. Akina mama wote waliowahi kuzaa mapacha huitwa, hata walio mbali, tukacheza na kuimba matusi ambayo siku nyingine yangetutozesha faini. Tangu nizae wangu sijakosa ngoma hata moja, kuanzia Nyahanga mpaka Bugarama. Na karani wetu alikuwa ametuletea mapacha jozi nne, watu wazima, wafanyabiashara, katika mji ambao ukipika maharage jirani anajua umetia chumvi au hukutia.

"Bwana Karani," nikasema, "hao mapacha wa Maduhu wamezaliwa wapi?"

"Hapahapa."

"Nani aliwachezea?"

Alinitazama, nikaona haelewi nimemuuliza nini. Mama Ngollo akapaza sauti kutoka nyuma: "Mimi sikucheza." Mwingine akasema, "Wala mimi." Tulikuwa akina mama watano wa mapacha sokoni pale, na hapakuwa na hata mmoja aliyecheza. Mzee Kamrudin akamweleza Bwana Shauri maana yake. Bwana Shauri akaichukua karatasi mwenyewe, akaita majina yote manane, moja baada ya jingine, na kila jina akangoja. Hakuja mtu.

Watu walikuwa wakicheka mpaka wanajifuta machozi. Mimi sikucheka. Doto wangu nilimzika ana miezi saba. Jina lile likinitoka mdomoni hunitoka kwa uzito, na huyu bwana alikuwa amelitandaza mara nne kwenye karatasi apate vizimba vya kupangisha. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya watu. Kicheko kikaisha.

Eustace alijaribu kusema ni makosa ya kunakili. Mwishowe akakiri. Katika majina ya kwanza ya Kisukuma yalimjia hayo mawili tu, akadhani ni kama Juma na Hamisi. Bwana Shauri akamvua ile kamba ya funguo, akamwambia apande garini akajieleze Kahama.

"Vizimba vinane vitaandikwa upya," akasema, "hapa, nje, mchana huu."

Mzee Kamrudin akaketi juu ya debe na kalamu yake ya dukani. Kila aliyedai kizimba alisimama juu ya meza ya saruji iliyokuwa pale mlangoni, aonekane, na watu wakaulizwa kama wanamjua na kama alibeba mawe. Wawili walidanganya, wakashushwa kwa kelele.

Zamu yangu ikafika. Nikapanda. Mtu anayegombana kama mimi hujihesabia marafiki watano, sita.

"Nani anamjua mama huyu?" Bwana Shauri akauliza.

"Tunamjua!" Soko zima. Walinijibu hata wale niliowatukana kwa ajili ya kibaba cha mchele. Mwanaima wa samaki, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu mfungo, alinyanyua mikono yote miwili akasema mawe ya kona ile ni yangu, aliniona nikiyaweka.

Nikalia pale juu, wala sikuona haya. Mzee Kamrudin akaandika, akasoma kwa sauti, "Mbuke, muuza mchele, namba kumi na tatu," kisha akanigeuzia karatasi nione. Kusoma sikujua, lakini niliitazama mpaka nikatosheka. Wakaipigilia misumari mlangoni, kimo cha macho ya mtu yeyote.

Ndipo nikashuka, nikapewa ufunguo wangu, nikaweka gunia langu la mchele chini ya bati, nikalifungua.