Pini Kumi na Mbili Mdomoni

Jumamosi saa nane mchana, fundi wa magauni ya harusi aliyeitwa na wateja wake Mama Pini alihesabu pini kumi na mbili, akazibana moja moja kati ya midomo yake, akaketi kuitazama televisheni kwa jicho alilokuwa akiwapa wateja wanaoleta kitambaa pungufu. Siku za kawaida alibana pini nne. Mbele yake alisimama binti yake wa pekee, mwenye miaka thelathini na minne, ndani ya gauni jeupe la msichana mwingine, mikono akiwa ameiachanisha na mwili asije akajichoma.

Nyumba ile haikuwa na sanamu la kuvalishia nguo. Lililokuwepo lilivunjika kiuno mwaka ambao binti alitimiza miaka kumi na tisa, na Mama Pini akagundua kwamba mwili wa mtoto wake ulikuwa wa wastani kabisa. Bibi harusi yeyote angeweza kuongezwa au kupunguzwa kutoka pale. Tangu siku hiyo binti alikuwa amevaa magauni mia mbili na kumi na moja, na hakuna hata moja lililomvusha kizingiti. Wachumba walikuja, hawakukosa kuja. Mwalimu alikataliwa kwa sababu ya shingo ndefu. Dereva wa lori alikataliwa kwa kupiga chafya bila kuziba mdomo. Wa sasa alikuwa fundi friji, naye Mama Pini alimkataa mara ya kwanza kwa kusema ana mikono ya baridi.

Lakini fundi friji alikuwa king'ang'anizi. Kazi yake ilikuwa inamhamishia mji mwingine Jumatatu, na alitaka kuondoka na jibu. Siku ya Alhamisi alikuja na filamu ya Kihindi, ya mapenzi na vichekesho, akaiweka juu ya cherehani.

"Mama, itazame tu. Ukicheka hata mara moja, nipe dakika kumi nizungumze nawe. Usipocheka, sitakanyaga hapa tena."

"Filamu ya Kihindi?" Mama Pini alisema. "Watu wanaimba hata wakiumwa jino? Iache hapo. Dakika zako kumi nitakupa nikicheka, na sitacheka."

Aliyasema hayo mbele ya mdogo wake, mama mdogo wa binti, ambaye kazi yake katika nyumba ile ilikuwa kushona vifungo na kushuhudia. Neno likawa neno. Ndiyo maana Jumamosi ile pini zilikuwa kumi na mbili.

Filamu ilianza. Haikuwa na tafsiri, na hakuna aliyeihitaji. Kulikuwa na tajiri wa kiwanda cha biskuti aliyekataa kumwoza binti yake kwa kuwa ulimi wa binti ndio pekee uliojua biskuti iliyoiva sawasawa. Kila asubuhi alimketisha kwenye kiti kirefu akamwonjesha. Basi kijana mmoja mpiga tarumbeta akajiingiza kiwandani kama mwokaji, akawa anaunguza kila sinia makusudi ili msichana akose cha kuonja, na wapate muda wa kutazamana.

Sinia la kwanza lilipoungua, mabega ya Mama Pini yalitikisika. La pili lilipoungua, na tajiri akamwagia ndoo ya maji mkwewe wa baadaye akidhani ni moto, kicheko kilimpanda Mama Pini kutoka tumboni, kikafika mdomoni, kikakuta mlango umefungwa kwa pini. Kikarudi chini kutafuta njia nyingine. Visigino vyake viliachana na sakafu. Kisha kiti kikabaki peke yake.

"Dada, unapaa," alisema mama mdogo, bila kuacha kifungo.

"Mm," alijibu Mama Pini.

"Angalia feni."

Binti, aliyezoea kusimama bila kutikisika, alinyoosha mkono tu akazima feni. Halafu akauchukua utepe wa kupimia, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mguu wa mama yake na nyingine kwenye kiwiko chake mwenyewe, maana dirisha lilikuwa wazi na upepo wa mchana hauaminiki. Mama Pini alifika darini, akajigeuza kifudifudi, akaendelea kutazama. Wimbo ulipoanza, alipiga mapigo kwenye dari kwa kastabini iliyokuwa kidoleni mwake, na hakukosea hata pigo moja.

Binti aliusikia mvuto wa utepe. Hakuwahi kumwona mama yake amefurahi namna ile. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alijiruhusu kuwaza chumba kingine, katika mji mwingine, ambamo angevaa nguo isiyo na pini.

Tajiri alipolitupa tarumbeta la kijana kwenye tanuri, Mama Pini alipiga dari kwa ngumi. Mwisho tajiri alipolainika, akaushika mkono wa binti yake na kumkabidhi kijana, Mama Pini alilia, machozi yakadondoka kwenye sakafu ya chumba cha kushonea. Majina ya waigizaji yakaanza kupita. Akashuka taratibu, binti akiukunja utepe kidogo kidogo, mpaka kiti kikampokea.

Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Yule baba ana roho ya kutu," alisema. "Mtoto si mashine ya kuonjea biskuti! Umri unampita, yeye anawaza kiwanda. Ningempata mimi, ningemwonyesha cha mtema kuni."

"Kwa hiyo aje, mama?" aliuliza binti.

"Nani?"

"Fundi friji. Dakika kumi."

Mama Pini alimgeukia mdogo wake. "Nilicheka?"

"Dada, umegonga dari."

"Sikuulizi dari. Nilicheka?"

Mama mdogo alikata uzi kwa meno. "Hukucheka," alisema. "Lakini ulijaza pini mdomoni makusudi."

"Fundi asiye na pini mdomoni ni mpita njia."

"Mama," alisema binti, "na mimi si mashine."

Mama Pini alimtazama kwa mshangao wa kweli. Ndilo jambo pekee lililomshangaza siku ile.

"Yule ni baba katili," alisema. "Mimi ni mama yako. Haya geuka, nyuma imevuta."

Binti alimchukia wakati ule, chuki nzima isiyo na kiraka, akatamani kulichana gauni kuanzia shingoni mpaka chini. Lakini gauni lilikuwa la watu, na mwenyewe angelifuata kesho yake asubuhi. Aligeuka.

Jumapili fundi friji alikuja, sanduku la vifaa mkononi. Binti alimfungulia mlango.

"Alicheka?"

"Alipaa."

Fundi friji alilitua sanduku lake. Alikuwa mtu mkweli, hata friji lililokufa hakuwahi kumwambia mwenyewe kwamba litapona.

"Hatukusema kupaa," alisema kwa huzuni.

Binti angetoa chochote asikie uongo siku hiyo, hata mmoja. Fundi friji alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. Jumatatu aliondoka, na baada ya miezi saba wakasikia ameoa.

Filamu ilibaki. Mama Pini aliitazama kila Jumamosi, pini zikiwa kumi na mbili, na kila sinia la pili lilipoungua, alipaa. Hakuna aliyekosa faida. Ukiwa chini, pindo la gauni linakudanganya. Ukilitazama kutoka darini, duara lililopinda linaonekana mara moja, na kidole cha Mama Pini kilikuwa kinaelekeza panapokosewa. Sifa zikaenea. Waliokuwa wakishona kwingine walihamia kwake, na foleni ya Jumamosi ikafika mtaa wa pili.

Jumamosi moja, mwaka wa tatu, binti alisimama katikati ya chumba ndani ya gauni la mia tatu na arobaini, utepe kiwikoni. Alikuwa na mvi kadhaa utosini, na aliyeweza kuziona alikuwa mtu mmoja tu. Kwenye televisheni, tajiri wa biskuti aliushika mkono wa binti yake akamwachia aende zake. Darini, Mama Pini alilia kama kawaida yake. Chozi moja likaangukia hariri, begani.

Akatoa pini mdomoni ili asikike vizuri.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Nalowesha gauni la watu."

Binti akasogea, kadiri utepe ulivyomruhusu.