Aliyevuka Uwanja

Kila alasiri mama alipeta mchele barazani, mdomo umefumbwa, wimbo ukimtokea kifuani, na ndani baba alikanyaga cherehani yake akiufuata. Nilikua katikati ya sauti hizo mbili. Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba wimbo ukifika mahali unapopanda, mama ataurusha mchele juu, na kwamba baba akikosea pindo, cherehani itachelewa kidogo halafu ikimbie kuufikia wimbo. Sikukuu ya Idi baba alitoa gramafoni na santuri zake za Kimisri, mtaa mzima ukaja kusikiliza. Lakini mimi nilizipenda zaidi siku za kawaida, za ungo na cherehani. Nilipokuwa chuoni nasomea ualimu, wenzangu walikumbuka vyakula vya kwao. Mimi nilikumbuka ungo.

Alasiri hiyo, Uhuru ukiwa umebakiza siku chache, nilikaa mkekani nasahihisha madaftari. Nilikuwa na habari njema na nilikuwa nimeificha tangu asubuhi, kwa sababu mimi hata habari njema huona haya kuitoa.

"Mama," nikasema, "darasa langu limechaguliwa. Litaimba uwanjani siku ya Uhuru."

"Alhamdulillahi! Litaimba nini?"

"Huo huo unaouimba."

Ungo ukamponyoka. Mchele ukamwagika mpaka kwenye ngazi, na kuku wa jirani wakaja mbio. Mama hakuwafukuza. Ndani, cherehani ikanyamaza.

"Nani kakufundisha wimbo huu?"

"Wewe, mama."

"Mimi sijakufundisha. Nilikuwa naimba tu, wewe ukasikia." Alinishika mkono, vidole vyake vikiwa na vumbi la pumba. "Maneno je? Umewafundisha na maneno?"

"Yote, kama ulivyoyaimba usiku ukinibembeleza. Watoto wengi ni Wasukuma, waliyashika upesi kuliko mimi."

"Na hiyo siku, ngoma itatoka wapi?"

"Misungwi. Wanasema manju wao ni mzee mmoja, Masalu."

Mama aliniachia mkono. Akapiga magoti akaanza kuokota mchele, punje moja moja, kana kwamba punje zile ndizo zilizomuuliza swali.

"Waimbe kitu kingine," alisema bila kuinua uso. "Hilo usinibishie, Mwanabaraka."

Baba alitoka na futi yake ya kitambaa shingoni. "Sada, mwambie mtoto."

"Mwambie wewe."

Basi baba akaniambia, kwa sauti ya chini, mama akiokota mchele pale pale miguuni petu.

Mama hakuzaliwa Sada. Alizaliwa Kija, upande wa Misungwi, na Masalu ni kaka yake, tumbo moja. Nilijua mama ana ndugu wasiokuja kwetu. Nilidhani ni kwa sababu alibadili dini akaolewa na fundi cherehani wa mjini. Kumbe ilianza kabla ya hapo. Miaka ile ya nzige, Masalu alikuwa manju kijana, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa chama cha ngoma cha Bagika, na upande wa wapinzani wao, Bagalu, manju alikuwa Chenge, ambaye sasa ni marehemu. Baada ya mavuno vyama hivyo viwili vilishindana, na kila mtu anajua vinavyoshindana: uwanja mmoja, ngoma mbili kwa wakati mmoja, kila upande na watu wake, na jua likitua anahesabiwa mshindi yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi. Hakuna anayesimama katikati. Mtu wa Bagika havuki kwenda kusikiliza Bagalu, hata kama roho inamtoka.

"Mama yako alivuka," baba alisema.

Chenge alileta wimbo mpya siku ile. Binti Kija, dada wa manju, akaacha upande wa kaka yake, akaukata uwanja peke yake mbele ya watu wote, akasimama kwa Chenge. Walipomwona, wengine wakafuata. Umati wa Masalu ukamwagika kama maji. Na Chenge, mdomo wake ulikuwa na wembe, akatunga hapo hapo ubeti wa mwisho: hata wa nyumbani kwake amevuka, moto wa kwao kauacha unawaka.

Ubeti ule ndio watoto waliupenda kuliko yote. Nilikuwa nimewafundisha kuupigia makofi.

"Tangu siku hiyo Masalu hajasema naye," baba alimaliza. "Nawe unataka kumwimbia hayo mbele ya bendera."

Usiniulize nililalaje. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Ndalahwa, nikiwa nimeipanga hotuba nzima njiani. Mimi ni mtu ambaye hata kuita majina darasani humeza mate kwanza. Hotuba ilibaki mlangoni.

"Tubadilishe wimbo, mwalimu," ndiyo yote niliyoweza.

"Tubadilishe? Ratiba iko bomani! Mabwana wameusikia, wameusifu. Au watoto wameusahau?"

"Hapana."

"Basi, mwalimu, usiniletee ugonjwa wa moyo wiki ya Uhuru. Majaribio ya sherehe ni leo saa nne, uwanjani."

Nikajiambia nitawapanga watoto mbali, pembeni kabisa, waimbe ubeti wa kwanza tu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja ulikuwa na madimbwi. Upepo wa ziwani ulipeperusha kamba za mapambo. Niliwanong'oneza, "Ubeti wa mwisho tunauacha." Watoto wakanitazama kama niliyewanyang'anya maandazi.

Lori la Misungwi likaingia. Wakashuka wacheza ngoma na ngoma zao, na nyuma yao mzee mrefu, mwembamba, kofia mkononi. Sikuhitaji kuonyeshwa. Alikuwa na paji la uso la mama.

Ningewanyamazisha watoto wakati ule. Lakini waliziona ngoma, na watoto wakiona ngoma huwa hawana mwalimu. Wakaanza wenyewe, kwa nguvu, ubeti wa kwanza, wa pili, na kabla sijainua mkono wakafika wa mwisho, na makofi yake.

Wale watu wa Misungwi walisimama walipokuwa. Mmoja, mpiga ngoma mnene niliyesikia akiitwa Mihayo, alicheka kicheko cha mshangao kisha akajiziba mdomo. Mzee Masalu alikuja akivuka madimbwi bila kuyakwepa.

"Shikamoo," nilisema.

Hakuitikia. "Mwalimu wa hawa ni nani?"

"Ni mimi."

"Bagalu wamekutuma?"

"Hapana, mzee. Mimi sina chama."

"Sikia huyu!" alidakia Mihayo. "Hana chama, lakini matusi ya Bagalu anayo yote kichwani, hajasahau hata makofi!"

Mwalimu Ndalahwa alifika akihema. Masalu alimwambia kwa utulivu ulionitisha kuliko ukali: wimbo ule ukiimbwa, Misungwi wanapanda lori. Siku ya Uhuru Mwanza itakaa bila ngoma. Mwalimu mkuu akanigeukia, na uso wake ukaniambia kwamba ameshachagua. Watoto nao walinitazama. Mmoja alikuwa ameanza kulia, bila kujua kosa lake.

"Umeutoa wapi?" Masalu aliuliza.

Ningeweza kusema nimeuokota njiani. "Kwa mama yangu," nikasema. "Ananiimbia tangu nazaliwa. Anaitwa Sada. Zamani aliitwa Kija."

Ile kofia mkononi mwake ilikunjamana. Kwa muda alitazama watoto, mmoja mmoja, kama anayetafuta sura.

"Yuko wapi?"

*

Mama alikuwa barazani. Alipotuona tukikata kona, mimi mbele, Masalu na Mihayo nyuma, alisimama, akajifunga kanga vizuri, akangoja. Baba aliweka viti viwili, kisha akarudi nyuma akasimama mlangoni, mkasi bado mkononi.

"Karibu, kaka."

"Sikuja kukaa."

"Hata maji?"

"Hata maji, Kija."

Jina lile lilimgusa, niliona. Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo mtaani kwetu.

"Mtoto wako anafundisha watoto wa watu kunitukana," Masalu alisema.

"Hakujua. Anapenda nyimbo tu. Hapo utamlaumu nani? Na yeye ana damu yako."

Mihayo alikohoa. Masalu akatazama chini, na aliposema tena sauti ilikuwa imepungua makali. "Sikiliza. Sikuja kugombana. Mwalimu mkubwa yule kanisihi, na wale watoto sina neno nao. Nitakubali waimbe. Mpaka ubeti wa mwisho nitakubali."

Nikashika nguzo ya baraza.

"Nataka neno moja tu kwako. Mihayo alisikie, akawaambie wenzetu. Sema kwamba Chenge alikuwa na dawa. Kwamba siku ile ulivutwa, hukujua ulifanyalo. Basi. Mtu aliyevutwa na dawa hana kosa, na aliyeshindwa na dawa hana aibu. Wimbo ule utabaki kelele tu."

"Neno dogo hilo, mama," Mihayo alisema kwa upole. "Dawa za Chenge nani hazijui? Aliwahi kuvuta mpaka mbuzi."

Mimi nilimtazama mama. Nilitaka aseme. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilitaka aseme uongo huo, watoto wangu waimbe. Nilikuwa nimeshasikia sauti zao zikipanda kwenye uwanja uliojaa watu. Neno moja, mama.

Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni wa dagaa, akatusalimia, hakuna aliyemjibu.

"Hapakuwa na dawa," mama alisema.

"Kija."

"Hapakuwa na dawa, kaka. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua wewe ni kaka yangu, nilijua baba atanipiga, nilijua kila kitu. Nikavuka."

Mihayo alisonya. Akatazama kiongozi wake, akatazama mama, akashuka ngazi. "Nakwenda kwenye lori," alisema. "Nitawaambia wafunge ngoma."

Tukasikia viatu vyake vikienda. Masalu hakumfuata. Alikuwa amesimama kama mtu aliyepigwa na bado hajaanguka.

"Miaka yote hii nimekutetea," alisema. "Unajua? Kila aliyekutukana nilimwambia, dada yangu alirogwa. Mama alikufa akiamini hivyo, kwa sababu mimi nilimwambia. Nawe unashindwa kunipa neno moja."

"Neno hilo litakuwa linamtukana Chenge. Tena litakuwa linautukana wimbo."

"Wimbo! Na mimi je? Mimi si kitu?"

"Kaka," mama alisema, akamkaribia hata nikadhani atampigia magoti, lakini hakupiga. Alisema kwa sauti ndogo, ya ndani ya nyumba. "Mihayo ameondoka. Hapa tuko sisi tu. Nikuulize jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata huyu mume wangu. Kabla sijavuka, nilikutazama. Nilitaka nikuone unaimba, ili nibaki. Wewe ulikuwa umenyamaza. Ngoma yetu ilikuwa inapigwa, wenzako wanaitikia, na wewe mdomo umefunga. Watu walidhani unavuta pumzi. Mimi nakujua. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza, tukichunga ng'ombe wa baba. Kwa nini ulinyamaza?"

Baba aliweka mkasi chini taratibu, usilie.

Masalu alikaa. Hakuchagua kiti, alikaa pale pale kwenye ngazi, mgongo kwetu, akaitazama barabara. Mabega yake yalipanda, yakashuka.

"Usiniulize hivyo," alisema.

"Nimekaa nalo tangu sijaolewa. Walisema mimi ndiye niliyekuvunja, nikakubali. Sitaki neno lolote kwako. Nakuuliza tu."

Kutoka upande wa uwanja ilisikika honi ya lori, mara mbili, ya kumwita. Nilifikiri atainuka. Aliinua kichwa, akasikiliza ile honi, akakiinamisha tena.

"Mwalimu," aliniita bila kugeuka.

"Abee, mjomba."

"Nenda kawaambie Misungwi wasifunge ngoma. Mwambie Mihayo nimesema mimi. Na watoto wako waimbe, wasipunguze hata ubeti mmoja."

Nilishuka hatua moja, nikasimama, kwa sababu alikuwa hajamaliza. Alimgeukia mama, na uso wake ulikuwa umelowa wote.

"Wimbo wa Chenge ulikuwa mzuri, Kija. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuusikia mpaka mwisho."