Mlango wa Mama Fulani

Jumatatu asubuhi Cheche alibwaga manyanga. Alimfuata Mzee Nondo, mwenye karakana, akamwambia kwamba wiki hiyo ndiyo yake ya mwisho. Shangazi yake alikuwa anataka mtu wa kumsaidia dukani, na shangazi ni shangazi.

Mzee Nondo alivua miwani. "Wewe? Uuze sabuni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haya," alisema, akaivaa tena.

Shangazi alikuwa na duka kweli, na nafasi alikuwa ameitoa, lakini hiyo haikuwa sababu. Cheche alipenda kuchomelea kupita kiasi; hata jina hilo la utani alilipata kwa kushinda amezungukwa na cheche za moto. Sababu yenyewe ilikuwa choo. Karakana nzima ilikuwa ya wanaume isipokuwa yeye, na choo chao kilikuwa ukuta wa nyuma, huduma ya bure kwa kila anayeweza kujisaidia akiwa amesimama. Zamani Cheche alikuwa akivuka barabara kwenda kwa mama mshonaji, ambaye alimpa ufunguo wa choo chake bila maswali. Kisha jengo lile likavunjwa. Tangu hapo hakuwa akinywa kitu tangu kuamka mpaka kurudi nyumbani, na huku anashinda kwenye joto la mashine. Mwili nao si chuma. Aliugua mara ya kwanza, akaugua tena, na safari hii mumewe alimpa dawa, kisha akampa na vidonge vyake.

Mumewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na watoto walimwita sista, maana hawakujua jina jingine la mtu anayevaa sare ile. Majirani walicheka weee mpaka wakachoka: mke anachoma vyuma, mume anabembeleza watoto. Wenyewe wawili walishazoea.

"Figo hazichomelewi," alimwambia. "Waambie wakujengee choo."

"Niwaambie mimi? Siku ya kwanza tu Mzee alinitangazia kwamba pale hakuna mambo ya kike. Nikianza kudai choo, watasema si tulijua? Na binti atakayekuja baada yangu hatapita hata getini."

"Basi nitaenda mimi."

"Thubutu! Utalala sebuleni."

Ndiyo maana akaona heri aondoke kimyakimya, na uongo wa shangazi mkononi.

Jumanne Mzee Nondo akampa kazi ya kuagia. "Kuna mama fulani anataka mlango wa chumba kidogo. Anataka komeo la ndani, imara, na mtu wa nje asione kitu hata kwa tundu la sindano. Panga mwenyewe utakavyokuwa."

Wenzake walikuwa nyuma ya karakana wakijenga chumba cha tofali, wakisema ni stoo ya mitungi ya gesi. Kimya, fundi mrefu kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haulali, wiki hiyo alikuwa kimya kweli. Hilo peke yake lingetosha kumshtua Cheche, ila alikuwa na huzuni zake.

Huzuni hizo akazimalizia kwenye mlango. Hakumjua mama yule lakini alijua anataka nini. Matundu ya hewa aliyaweka juu kabisa. Kila ukingo aliusaga usije ukachana nguo. Upande wa ndani akachomelea ndoano.

"Ya nini hiyo?" Kimya akashindwa kujizuia.

"Ya mkoba. Wewe huna mkoba, utajuaje?"

Kimya akaondoka mbio kwenda kumnong'oneza Mzee Nondo. Anayesema wanaume hawana umbea hajafika karakana.

Jumamosi mlango ulikuwa tayari. Desturi ya pale ni kwamba mlango haujaisha mpaka aliyeutengeneza ajifungie ndani yake, kisha ajifungulie na kutoka. Mzee Nondo akasema waujaribu kwenye stoo, kipimo ni kilekile. Wakaufunga kwenye bawaba, Cheche akaingia shingo upande, mkoba begani tayari kwa kuaga, akasukuma komeo.

Hapakuwa na mtungi hata mmoja. Palikuwa na choo cheupe chenye kifuniko, bomba la maji, ndoo mpya, na sabuni ambayo bado haijafunguliwa. Vigae viwili vilikuwa vimepinda. Kioo walikitundika kwa kimo cha Kimya, kwa hiyo alichoona Cheche ni kilemba chake tu.

"Komeo limekwama?" Kimya aliuliza nje.

"Mwache," alisema Mzee Nondo, akausogelea mlango. "Mwanangu, Jumatatu ulipotoka tu, mumeo akaingia, na sare yake. Alitufundisha habari za figo wote hapa, mpaka tukaona haya. Mimi nina mabinti watatu, na sijawahi kujiuliza unakwenda wapi. Mama fulani ni wewe."

Cheche alikaa juu ya kifuniko, machozi yakamtoka. Ilimuuma kwamba maneno aliyoyameza miezi yote hiyo yalihitaji kinywa cha mwanamume ndiyo yasikike, na mume huyo angelala sebuleni, hilo halina mjadala, angalau mpaka saa mbili usiku. Lakini alishukuru. Alimshukuru mume asiyesikia makatazo, akamshukuru mzee aliyekubali kufundishwa, akawashukuru na waliopindisha vigae. Alitundika mkoba kwenye ndoano yake mwenyewe.

"Sasa shangazi tumwambieje?" Mzee Nondo aliuliza.

"Nitampigia mwenyewe. Atafute mtu mwingine."

Nje wakapiga makofi, wakapiga na mabati.

"Asanteni," alisema Cheche kwa sauti iliyokatikakatika. "Asanteni sana, jamani. Ila ondokeni hapo mlangoni. Nimebanwa."

Halafu akamsikia Mzee Nondo akifoka, kwa sauti ileile ya kumkemea mtu aliyekata chuma vibaya:

"Hamjasikia? Tokeni hapa! Na wewe Kimya, washa grainda, usage chochote, upige kelele mpaka amalize!"