Vidole Vinne Juu ya Kichwa cha Lenny

Wilmot Daley alikuwa ameambiwa mambo mawili tu siku ile: ajikunyate ndani ya kibanda cha winchi asionekane kwenye picha, na asiguse kitu. La kwanza aliliweza. La pili lilikuwa linamchoma roho.

Wiki nzima Waingereza walikuwa wamefunga barabara ya mlimani nje ya Kingston kwa ajili ya filamu yao ya jasusi. Ilikuwa ya kwanza, na wenyewe walijigamba kwamba watu wakiipenda watatengeneza nyingine kila mwaka mpaka wazeeke. Leo jasusi alikuwa anakimbizwa na maadui. Gari lake la wazi lingetokea kwenye kona kwa kasi na kupita chini ya mkono wa winchi ulioziba njia. Gari la maadui lilikuwa na paa la juu, nalo lingekwama. Nyota mwenyewe alikuwa kivulini anakunywa maji ya dafu. Kwenye usukani alikaa Lenny Stubbs, aliyeajiriwa avunjike yeye badala ya nyota.

Asubuhi Lenny alikula bami, mkate wa muhogo, na samaki wa chumvi pamoja na Wilmot, wakataniana.

"Ukinikata kichwa, Wilmot, mke wangu atakuja kukudai."

"Aje tu. Nitampa hiki changu, kina akili zaidi."

Saa nne Bi Hazel, msaidizi wa mwongozaji, alipima kwa rula. Kati ya chuma na kichwa cha Lenny kulikuwa na nafasi ya vidole vinne. Akaandika kwenye daftari lake. Kisha wingu likafunika jua, na watu wa filamu, wanaolipenda jua kuliko mama zao, wakakaa kungoja.

Wakangoja saa nzima na robo.

Winchi ile Wilmot aliijua vizuri, maana ndiyo aliyoiendesha machimboni miaka tisa. Breki yake ilikuwa imechoka. Kule machimboni hakuna mtu aliyeacha mkono uning'inie zaidi ya robo saa bila kuuinua tena, kwa sababu ulikuwa unashuka kidogo kidogo, kimyakimya. Asubuhi ncha yake ilikuwa sawa na mstari mweupe kwenye mwamba wa ng'ambo. Sasa mstari ule ulikuwa juu ya ncha, na kipande cha mwamba kilionekana kati yake na ncha. 

"Bi Hazel! Mkono umeshuka!"

"Nimepima mwenyewe, Bwana Wilmot. Vidole vinne."

"Ulipima saa nne, mama. Mkono huu haukai ulipowekwa. Niache niuinue."

Bi Hazel alisita, akamkimbilia mwongozaji, Bwana Thackray. Wilmot alimwona bwana yule akipunga mkono kama anayefukuza nzi. Bi Hazel akarudi uso umemshuka.

"Anasema nusu ya mbio tumeshaipiga picha na mkono ukiwa hapo hapo. Mkono ukisogea, tunarudia yote. Na ukiugusa, atahakikisha hata machimboni huna kazi."

"Basi mwambie Lenny!"

"Lenny yuko nyuma ya kona, na..."

Jua likatoka.

"Anza!" Thackray akapaza sauti.

Gari likanguruma nyuma ya kona. Wilmot akaitazama leva ya kuinulia mkono. Alifikiria kazi yake, akafikiria watoto wanne, kisha akamfikiria yule Mwingereza mjinga aliyelamba vidole vyenye chumvi na kuomba kipande kingine. Gari likatokea kwenye kona, limejaa vumbi, Lenny amekaa wima kwa sababu saa nne aliambiwa nafasi ipo.

Wilmot akavuta leva. Injini ikakohoa, mkono ukaanza kupanda polepole mno, Mungu wangu, polepole mno, na gari likapita chini yake.

"Kata! Kata!" Thackray alikuja mbio, mishipa ya shingo imemtoka. "Umeniharibia! Mkono umepanda mbele ya kamera, mpumbavu wewe! Shuka! Shuka uende zako!"

Huko mbele Lenny alikuwa amesimamisha gari. Alishuka, akaja taratibu, kiganja kikiwa utosini. Alipofika akakishusha, akamwonyesha Thackray. Kilikuwa cheusi kwa grisi ya winchi.

Bi Hazel alifunga daftari lake akageukia kando.

Thackray alikitazama kiganja, kisha akatazama juu mbinguni.

"Jua lipo bado," akasema, safari hii kwa upole. "Lenny, mwanangu, tunarudia. Mkono uwekwe palepale."

Wilmot hakuwa ameshuka bado. Akashika leva, akaushusha mkono wa winchi wote mpaka ukalala chini, ukaziba barabara kutoka mwamba hadi ukingo wa genge. Akazima injini.

"Haya, pitisheni gari," akasema.