Maneno Waliyomtilia Nyamizi Mdomoni

1.

TANGAZO KWA WENYEJI WOTE WA TABORA

Katika Wiki ya Kuutafuta Ushindi atachaguliwa Malkia wa Urembo wa Vita. Wasichana waje wamekoga, wamechana nywele, wamejipaka mafuta miguuni. Mshindi atavishwa taji na kupigwa picha. Vita si bunduki tu.

KWA AMRI.

2.

Taji lilikatwa kwenye debe la mafuta ya taa, likapakwa rangi ya dhahabu. Lilinuka.

Nyamizi binti Mrisho, muuza maandazi wa karibu na stesheni, alivishwa na mke wa mkubwa mmoja, ambaye kwanza alimshika kidevu akamgeuza huku na huku, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kaka yake, Songoro, alimbeba mabegani mpaka nyumbani, na mama yao, Bi Mwamvita, akawa anawakimbilia nyuma akifoka: “Mshushe! Utamvunja mwenzio!”

Siku ile alifurahi. Wewe unayesoma, usije ukamnyang’anya hilo nalo. Alifurahi kweli.

3.

Picha yake ikabandikwa sokoni, mahakamani, hospitalini. Chini yake pana maneno ambayo hakuulizwa:

MREMBO HUYU ANAMNGOJA SHUJAA.
WEWE UNANGOJA NINI?

“Mimi simngoji mtu,” Nyamizi akamwambia Bwana Pikoki, Mzungu aliyesimamia matangazo ya vita.

Bwana Pikoki akacheka. “Ni maneno tu, Nyamizi.”

Tu.

4.

Yaliyosikika sokoni, penye mafungu ya mihogo:

— Si ndiye yule wa kwenye picha?

— Ndiye. Mwanangu kaenda kujiandikisha jeshi kwa ajili ya uso ule.

— Na kaka yake mbona yupo, anakula maandazi?

Songoro aliyasikia. Akaja nayo nyumbani.

“Wanasema unawaita watoto wa wenzio, wa kwenu umemficha uvunguni.”

“Waache waseme.”

“Wewe utawaacha. Mimi mwanamume, Nyamizi. Nitapita wapi?”

Akajiandikisha, akapanda treni na wenzake.

Akafia vitani Bama, ng’ambo ya bahari, kwenye msitu ambao hakuna mtu Tabora aliyeweza kueleza uko upande gani. Habari ililetwa na karani. Alisimama mlangoni, akasema, akaondoka. Hata kofia hakuvua.

5.

Bi Mwamvita, akisonga ugali:

“Sikulaumu. Nani kasema nakulaumu? Nasema tu kwamba mwanangu aliitwa, na uso uliomwita naupakulia chakula kila siku.”

6.

Vita ikaisha. Bwana Pikoki akarudi, safari hii na kamera.

“Utacheza sinema,” akamwambia Nyamizi. “Utakuwa mama. Mtoto wako amekufa, unamlilia. Unaweza kulia?”

Kama anaweza kulia!

“Niseme nini?”

“Sema chochote. Kamera hii haichukui sauti.”

Wakamkalisha mbele ya kibanda walichokijenga wenyewe, wakakipaka matope wenyewe. Wakampaka na yeye masizi usoni. Wakamfunga kanga iliyochanika, wakampa kitambaa kilichoviringishwa kama kichanga.

Nyamizi akakitazama kile kitambaa. Halafu akamlilia Songoro. Alimwita jina. Akamwambia, Songoro, mimi sikukuita, ni wao walioniandikia. Akamwambia, rudi unibebe tena mama afoke. Alilia mpaka mshika kamera, Mzungu kijana, akaacha kutazama.

“Vizuri sana!” akasema Bwana Pikoki.

7.

MAELEKEZO KWA MKALIMANI WA GARI LA SINEMA
Yasomwe kwa sauti kubwa na ya upole, picha ya mama anayelia inapotokea:

Tazameni mwanamke huyu mjinga. Analia nini? Analia uvivu wake. Hakuchemsha maji. Hakufukuza nzi. Sasa anasema, “Laiti ningewasikiliza mabwana wa afya!”

8.

Gari la sinema lilifika Tabora baada ya magharibi. Shuka jeupe likatandazwa kati ya nguzo mbili. Watu walijaa uwanja uleule, na Nyamizi aliketi mbele amevaa kanga mpya, maana aliwaambia wote: njooni mnione.

Wakamwona.

Uso wake, mkubwa kuliko nyumba. Mdomo unafunguka, unafumbika: So-ngo-ro. Hata mtoto angeusoma mdomo ule. Na kutoka kwenye kipaza sauti, sauti ya mwanamume:

“… hakuchemsha maji. Hakufukuza nzi …”

Watu wakaanza kucheka. Kucheka! Mtu nyuma akaita, “Mama Nzi!”

So-ngo-ro, unasema mdomo.

“… laiti ningewasikiliza …”

Nyamizi alisimama.

9.

“Nipe hicho.”

“Dada, tafadhali,” mkalimani akanong’ona, akikumbatia kipaza sauti. “Nasoma nilichopewa. Nina watoto.”

“Na mimi nilikuwa na kaka. Nipe.”

Bwana Pikoki alikuwa anashuka garini. Mkalimani akamtazama yeye, akamtazama Nyamizi, akalegeza vidole.

10.

“Huyo pale ni mimi! Sina mtoto, sijazaa! Namlilia Songoro bin Mrisho, mnamjua nyote, kijana mrefu, mlimcheka mkamtia treni! Picha ile ya sokoni, maneno yale sikuyasema! Na haya sikuyasema! Mara mbili wamechukua uso wangu wakaniwekea mdomo wao! Nani hapa alipeleka mtoto kwa sababu ya picha ile? Nani? Semeni jina lake, maana mimi sita—”

Wakazima injini ya gari.

Shuka likawa jeusi. Kipaza sauti kikafa.

Kisha, upande wa wanawake, mtu akasema:

“Ramadhani.”

Mwingine:

“Kasanda wangu.”

Mwingine. Mwingine.

11.

TANGAZO

Onyesho la Tabora lilikatizwa kwa hitilafu ya mtambo. Gari litaendelea Nzega kama ilivyopangwa.

12.

Asubuhi, Bi Mwamvita alikuwa anachochea moto. Hakugeuka.

“Umemtaja mwanangu mbele za watu bila kuniuliza.”

“Ndiyo, mama.”

“Umesema alikuwa mrefu.”

Nyamizi akamsogezea kuni.

“Hakuwa mrefu. Wewe ulikuwa juu ya mabega yake, utajuaje?” Akapuliza moto, moshi ukamwingia machoni, akajifuta kwa ukingo wa kanga. “Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana. Nzega ukaseme sawasawa.”