Uamuzi ni Wake

Darasani walimwita Wakili, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Ijumaa ile mwalimu wa uuguzi aliwakusanya kwenye chumba cha mazoezi, penye vitanda na mwanasesere wa plastiki anayechomwa sindano bila kulalamika, akawaambia: "Msichana wa shule kapata mimba. Anayeona aamue mwenyewe, kuzaa au kutoa, aende dirishani. Anayeona waamue wakubwa, aende mlangoni."

Weee! Chumba kikageuka soko. Mlangoni walijaa. Mmoja akasema kutoa ni kuua, basi, hakuna mjadala. Mwingine akauliza, mtoto anayesahau hata kalamu yake nyumbani ataamuaje jambo zito namna ile? Jamaa mmoja mrefu akasema wasichana wenyewe wanajitakia, akazomewa na pande zote mbili. Wakili alikuwa dirishani, kifua mbele. "Mwili wake, maisha yake, uamuzi wake! Au nyinyi mtamlelea?" Hata wa mlangoni walimpigia makofi. Jioni akaenda kwao kichwa kimemvimba.

Kesho yake asubuhi mdogo wake, aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, akamvuta jikoni. Kibarazani mama yao alikuwa akimsuka mteja, wanacheka. Maji ya kuchovya ncha za rasta yalikuwa motoni.

"Dada, nina mimba."

Wakili alishika meza. Akauliza maswali ya kiuguzi, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Amepima? Amepima, tena mara mbili. Mvulana anajua? Anajua, na simu amezima. Mshenzi mkubwa! Wakili akamkumbatia mdogo wake, naye machozi yakamtoka.

"Usiogope. Jumatatu tunamwona mwalimu wangu, anajua pa kwenda penye usalama. Hakuna wa kukulazimisha. Uamuzi ni wako."

"Kweli, Dada?" Mtoto akafuta kamasi. "Basi nataka kumzaa."

"Kumzaa?"

"Ee."

"Na shule je? Hebu fikiria kwanza!"

"Nimefikiria."

"Fikiria vizuri!"

Hapo Wakili akajisikia mwenyewe, akaona haya. Kumbe alipokuwa akipiga kelele za uamuzi wake, uamuzi wake, kichwani alikuwa na jibu moja tu, na yule msichana kazi yake ilikuwa kulikubali! Sasa yeye ni wa wapi, dirishani au mlangoni? Akili ilimvurugika. Huyu mtoto bado analala na taa kwa kuogopa mende, atabembeleza kichanga? Lakini akimburuta Jumatatu na mwenyewe hataki, atakuwa dada wa aina gani? Na asipomburuta, halafu mtoto akaja kujuta, atamlaumu nani?

"Unanikasirikia," mdogo wake alisema. "Hata mimi sijielewi, Dada. Jana nililala nikimtaka. Asubuhi harufu ya mafuta ya nywele ikanipanda puani, nikatapika, nikatamani yaishe tu nirudi darasani na wenzangu. Sasa hivi namtaka tena. Niamulie wewe. Utakalosema nitafanya."

Jamani! Si ndicho alichokuwa akikitafuta dakika chache zilizopita? Neno moja tu na mambo yamekwisha. Wakili akamtazama yule mtoto anayengoja, miguu peku kwenye sakafu, na hofu ikamshika kuliko siku ya mtihani.

"Sijui," alisema.

Mdogo wake alimkodolea macho, kisha kicheko kikamtoka pamoja na kilio. "Afadhali. Nilidhani mimi tu ndiye nisiyejua."

"We! Hayo maji mnayachemshia wapi, mbinguni?" Mama aliingia, vidole vinang'aa mafuta. Akaona macho yao. "Kuna nini? Nani kafa?"

Tangu utotoni, glasi ikivunjika, alama zikishuka, Wakili ndiye aliyemjibia mdogo wake. Mdomo ukamfunguka kwa mazoea. Akaufunga.

"Nakuuliza wewe!" Mama alimwambia.

"Muulize yeye, Mama."

Kibarazani mteja akapaza sauti, jamani kichwa chake nusu nusu kitaendaje harusini. Mdogo akavuta pumzi.

"Mama, nina mimba. Kasirika, mimi nitangoja. Ila usiniambie leo nifanye nini, kwa sababu hata mimi bado sijajua, na nataka nijue mwenyewe."

Mama alitafuta kigoda kwa mkono bila kukiangalia, akaketi. Akamgeukia Wakili, akamrudia mdogo.

"Sijui nikupige au nikupakate," alisema.

Mtoto akamsogelea hivyo hivyo, bila kujua lipi linakuja.