Dume la Mzee Heche

Tangu Mseti amuoe Wegesa, mzee Heche, baba wa binti, hakuwahi kuonja hata maji nyumbani kwa mkwewe. Ugomvi haukuwepo. Alisema tu kwamba mwanaume aliyemaliza ujana wake kwenye reli ya Mombasa, akarudi Nkende na sanduku la kioo badala ya ndama, bado hajawa na nyumba ambamo mtu mzima anaweza kula.

Sanduku lenyewe lilikaa juu ya meza, limejaa maji ya bahari yaliyokuja kwa treni hadi Kisumu, kisha kwa lori hadi Tarime, ndani ya chupa kubwa za kioo. Hewa iliingia kwa mpira mwembamba kutoka kwenye tyubu ya gurudumu la lori, na kila asubuhi Mseti aliijaza kwa pampu ya baiskeli mpaka shati likalowa jasho. Samaki walikuwa wawili tu, wadogo kama kidole gumba, rangi ya machungwa, mikanda myeupe.

"Mwaka mzima unawalisha, na mboga ya mtu mmoja hawafiki," jirani yake Kisyeri alimwambia. "Hata paka anakuona mchoyo."

Mseti hakukosa jibu. Karani wa reli, Mgoa mmoja aliyemwachia sanduku, alimfundisha vizuri. Sanduku dogo, samaki wachache. Wa maji ya chumvi akae na wa maji ya chumvi. Na kabla hujapenda rangi, angalia mdomo: samaki ambaye mdomo wake unamtosha mwenzake, iko siku atamjaribu. Mseti aliyasema hayo kanisani, mnadani, mpaka kwa kinyozi akiwa na povu kidevuni.

Basi siku ya mnada lori likamshusha mzee Heche kutoka Kewanja. Wegesa alikuwa ameshachinja kuku, maana baba yake alituma neno kwamba safari hii huenda akala. Mzee akaingia fimbo kwapani, debe mkononi, koti limelowa upande mmoja.

"Shikamoo, tata," Mseti akamwamkia baba mkwe wake.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Nasikia una mifugo miwili. Miwili si zizi. Nimekuletea dume."

Ndani ya debe alijikunja mumi, kambare wa Mto Mara, mweusi, sharubu ndefu, mdomo kama mlango wa ghala. Heche samaki hali. Huyu alimtafuta kwa wavuvi Wajaluo, akamchagua kama anavyochagua fahali: mgongo mpana, shingo nene, macho makali.

Wegesa akamvuta mumewe jikoni. "Baba Robi, mwambie."

"Nimwambie zawadi yake haifai?"

"Mwambie ukweli."

"Mkwe akikuletea mnyama wa kuongeza zizini, unamfungulia. Nikimkatalia atapanda lori lile lile, na kuku wako tutakula wenyewe."

Akarudi sebuleni akitabasamu. "Asante, tata. Dume kwelikweli." Akamimina.

Mumi alipoguswa na chumvi alijipiga kwenye kioo kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Tope na ute vikachafua maji. Mdomo ukafunguka, samaki mmoja wa machungwa akapotea humo. Wa pili alibanwa kwenye jiwe, akalala ubavu.

"Mbona anafanya hivi?" Heche akauliza.

"Anazoea, tata."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Mseti alimsikia Wegesa nyuma yake akivuta pumzi. Hakugeuka. Walisimama wote watatu wakimwangalia dume akizoea, mpaka akageuza tumbo juu.

Heche akachovya kidole ndani ya maji, akakiweka ulimini. Akatema mate mlangoni.

"Chumvi. Ulijua?"

Mseti alitafuta uongo mwingine, akakuta umeisha. "Nilijua."

"Yule jirani yako hapo nje alinicheka. Akasema huyu dume hatafika jioni. Nikamwambia anyamaze, mwenye zizi ndiye anayejua zizi lake." Mzee alisema polepole, bila hasira, na hapo ndipo masikio ya Mseti yalipowaka. "Mtu akileta ng'ombe mgonjwa kwangu, namrudisha langoni. Hata awe mkwe. Wewe umenifungulia, ukakaa kuniangalia nikiwa mjinga."

Harufu ya kuku ilijaa chumba. Wegesa alisimama na sufuria mikononi, hajui aiweke au airudishe.

"Sasa niambie," Heche akasema. "Nikae nile, au niende?"

Jibu la adabu lilikuwa tayari mdomoni: kaa, tata, nyumba ni yako. Mseti akalimeza.

"Ningependa uende," akasema, akiangalia sakafu. "Siwezi kutafuna mbele yako. Nina aibu."

Wegesa akafumba macho.

Heche akaegemeza fimbo yake mlangoni. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akavua katambuga zake za tairi akazipanga ukutani.

"Sasa amenirudisha langoni. Leta maji ninawe," akamwambia binti yake. "Huyu atakula akiweza."

Wegesa akaleta maji. Mzee akala. Mseti alikaa naye, tonge moja mkononi mpaka likapoa.